Mwanga wa Ukuta wa Mama Armel

Mama Armel anaapa kwamba Mzee Ismaël alivua makubazi, akasimama mbele ya kompyuta, akapiga hodi.

"Iko nasimama hivi, mukono kwa kifua," anasema, naye anasimama vilevile katikati ya uchochoro, beseni la nguo likiwa miguuni. "Akasema hodi. Kwa kompyuta, sha! Halafu akangoja."

Alingoja nini?

"Si waitikie."

Jina lake la ubatizo ni Illuminée, lakini hapa Biryogo, Kigali, hakuna anayelitumia. Amekaa kwenye uchochoro huu tangu alipokuja kutoka Burundi na mtoto mgongoni. Habari ya hodi ameshaisimulia kwa muuza maziwa, kwa mshona viatu wa kona na kwa kwaya nzima ya parokia yake. Kila anaposimulia, hodi zinaongezeka. Ilianza moja, sasa zimefika tatu.

Mwenye kompyuta akisikia anacheka. "Makubazi alivua, hiyo ni kweli. Lakini kwangu kila mtu anavua, kuna zulia." Kuhusu hodi, hakubali wala hakatai. "Mashine ilikuwa inanguruma. Mimi sikusikia."

Mwenye kompyuta anaitwa Ariane Mukunde. Na hodi hiyo, kama kweli ilipigwa, ilipigwa kwenye mlango ambao haupo tena.

Saa tisa alasiri, Nyamirambo. Nje jua linawaka mpaka mabati yanalia, lakini chumba cha Ariane, ghorofani juu ya duka la magodoro, kina pazia zito jeusi ambalo mchana halifunguliwi.

"Jua la kweli linaniharibia macho," anasema bila kugeuka. "Nashindwa kuona hili la uongo."

Kwenye skrini kuna jiko la nyumba ambayo haijajengwa bado. Makabati yapo, sinki lipo, hata machungwa yapo kwenye bakuli. Lakini kona nzima ya kushoto ni nyeusi tii, kama ndani ya pipa.

Wachoraji wa majengo humletea picha kama hizi kutoka pande zote za Kigali. Nyumba wameichora wenyewe kwenye kompyuta, ukuta kwa ukuta, dirisha kwa dirisha. Kisha wanaiachia mashine ihesabu mwanga mpaka itoke picha ya kumwonyesha mteja, iliyo kama ya kamera. Kazi hiyo wao huiita kurenda. Picha ikitoka na giza, au ikiwaka mpaka dari linafanana na shuka, ndipo wanapanda ngazi za Ariane.

"Watu wanafikiri mchana upo tu," anasema. "Kwenye kompyuta mchana haupo. Umejenga nyumba, umeweka viti, umeweka pazia, bado ni giza mpaka ulete jua wewe mwenyewe. Na jua ukiliweka vibaya, litakuumbua."

Anaanza kama anavyoanza siku zote. Anazima taa zote. Anaondoa rangi zote, jiko linakuwa la kijivu kama lililomwagiwa majivu. Halafu anawasha taa moja, anangoja. Anaizima, anawasha nyingine, anangoja tena. Hana haraka. Mkono mmoja uko kwenye kipanya, mwingine umeshika kikombe cha chai ya tangawizi iliyokwisha kupoa.

"Huyu hapa," anasema mwishowe.

Ukuta mmoja umegeuzwa ndani nje, kama shati lililovaliwa gizani, na kompyuta haijui iupe mwanga upande gani. Anaugeuza. Kona inapata asubuhi.

Mtaani wanamwita fundi taa, na jina hilo lina usumbufu wake. Jean-Bosco, mwenye duka la magodoro hapo chini, aliwahi kupanda na tyubu ya umeme iliyoungua, akailaza mezani kama mgonjwa. Ariane akamweleza kwamba yeye hutengeneza taa zilizo ndani ya picha. Jean-Bosco akaitazama skrini, akaitazama tyubu yake.

"Afadhali za kwako," akasema. "Hazina bili."

Mwaka huu, katikati ya nyumba hizo zisizozaliwa, Ariane aliletewa nyumba iliyokufa.

Ilikuwa ya Mzee Ismaël, fundi cherehani ambaye nusu ya kanzu za Biryogo zimepita mikononi mwake. Sebule yao ndiyo ilikuwa karakana. Mlango ulitazama uchochoro, mashine ya mzee ilikaa chini ya dirisha dogo la nyuma, na karibu na mlango kilikaa kiti cha mkewe, Bi Zuhura Mukeshimana, aliyedarizi kofia na kutia vifungo.

Bi Zuhura alifariki. Nyumba ilikuwa ya urithi na warithi walikuwa wengi, ikauzwa, ikavunjwa. Mzee akahamia Batsinda kwa binti yake, Mutesi.

"Nyumba ya mwanangu nzuri, maji yako ndani," anasema Mzee Ismaël. "Lakini haina saa. Asubuhi taa, jioni taa. Zamani mimi sikuhitaji saa ya ukutani. Nilikuwa nikitazama kiti cha mke wangu tu, najua sasa ni alasiri, sasa inakaribia magharibi."

Kisha ikaja presha ya macho. Daktari alimwambia dawa itachelewesha, haitarudisha. Pembeni kumeshafungwa, katikati bado anaona. "Kama natazama kwa tundu la sindano," anasema. Tundu hilo nalo linazidi kuwa dogo.

Mutesi ndiye aliyemtafuta Ariane. Alitaka baba yake akae tena sebuleni kwake, angalau kwa macho, kabla macho hayajafunga.

"Picha za zamani tunazo," anaeleza. "Lakini zote za sherehe, na zote zilipigwa na flashi. Watu wanaonekana weupe kama wamepakwa unga, nyuma giza. Ile sebule yenyewe, ile tuliyokaa, haimo hata katika moja."

Ariane alipima kwa maneno. Mzee alinyoosha mikono kuonyesha upana wa mlango, akapiga hatua kwenye zulia kuonyesha urefu wa chumba. Kuta zikasimama, mashine na kiti vikakaa mahali pake, pazia la mistari likaning'inia. Hata mkebe wa vifungo, wa bati la biskuti, Ariane aliuchora mpaka kutu ya kifuniko.

Halafu akaweka jua.

Ariane hakukulia Kigali. Amekulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Familia ilirudi Rwanda akiwa msichana wa kuvunja ungo. Anachokumbuka zaidi kule ni jua la jioni. Lilikuwa likiingia chini chini kutoka upande wa ziwa, linapita kizingiti, linalala sakafuni mpaka kwenye miguu ya baba akikunja majora.

"Rangi ya asali," anasema. "Vumbi la vitambaa linaelea ndani yake. Mimi nakaa kwenye mkeka nalishika kwa mkono. Baba ananiambia, acha, litauma." Anacheka kidogo. "Nikisikia jioni, mimi naona ile."

Basi sebule ya Mzee Ismaël akaipa jioni hiyo. Mshale mrefu wa dhahabu ukaingia kwa dirisha la nyuma, ukavuka chumba, ukagota kwenye kiti cha Bi Zuhura. Ilikuwa picha ambayo mteja yeyote angeilipia papo hapo.

Mutesi akamleta baba yake. Mzee akasogeza uso karibu na skrini, akahamisha lile tundu lake la kuonea kutoka kona hii hadi kona ile. Akakaa kitako.

"Nyumba nzuri," akasema. "Ya nani?"

Mutesi akaona aibu. "Baba! Si ya kwetu? Tazama mashine yako."

"Mashine naiona. Lakini jua gani hili? Jioni kwetu hapakuwa na jua ndani."

"Mlikuwa mnawasha taa, baba?" Ariane akauliza.

"Oya, hapana. Umeme tulikuwa tunaubania. Mke wangu alikuwa anatunga uzi bila taa mpaka adhana. Tena saa hiyo ndiyo aliyoichagua. Alikuwa ameipa jina, akiiita wakati wa kutunga uzi."

"Jua halipo, taa haipo. Sasa mwanga ulikuwa unatoka wapi?"

Mzee akafungua mikono. "Binti yangu, si ndiyo kazi yako hiyo?"

Ariane anakiri kwamba alikereka. Akafanya yote anayojua. Alipunguza nguvu za jua, akaongeza mwanga wa anga, sebule ikawa kama wodi ya hospitali. Alitafuta kona ambazo kuta hazikukutana sawasawa, maana hapo mwanga huvuja kama maji. Akazikuta, akaziziba, haikusaidia. Alificha taa ndogo juu ya kenchi, mahali ambapo haionekani.

Mzee aliitazama hiyo kwa muda mfupi sana. "Sasa umetuletea umeme," akasema. "Bili atalipa nani?"

Walicheka wote. Lakini Mutesi alipokuwa akimshusha ngazi, Ariane aliona mguu wa mzee ukitafuta kila kidato kwa kupapasa. Kwenye ziara ya kwanza alishuka mwenyewe.

Ikabidi aende Biryogo kwa miguu, jioni, kupatazama mahali penyewe.

Pa Mzee Ismaël palikuwa na uzio wa mabati na kifusi nyuma yake. Ariane akasimama pale ulipokuwa mlango, akaanza kupiga picha kwa simu. Hapo ndipo sauti ikatoka upande wa pili wa uchochoro.

"Weye! Ukuta wangu umekukosea nini? Umetumwa na banunuzi ba kiwanja?"

Alikuwa Mama Armel, mwiko mkononi.

"Oya, mama. Nachora nyumba ya Mzee Ismaël."

"Nyumba ya muzee iko pale chini ya mabati. Utachora kifusi?"

Ariane akaeleza. Alipotaja jina la Bi Zuhura, mwiko ukashuka. Kigoda kikatolewa nje, na chai ya maziwa nyuma yake. Wakakaa wawili hao wakitazama kifusi kama watu wanaotazama runinga.

Jua lilikuwa bado juu kiasi. Ariane akageuka kuangalia magharibi, akaona alichokuwa hajakiweka kwenye picha. Mlima Kigali. Ulikuwa umesimama pale mgongo wote, na jua likaugusa, likazama nyuma yake kabla saa yake haijafika. Uchochoro ukapoteza vivuli vyote kwa mara moja, kana kwamba mtu amevuta shuka.

Lakini giza halikuingia. Anga la magharibi lilibaki jeupe juu ya mlima, na weupe ule ukatua kwenye ukuta wa Mama Armel, ukuta mrefu wa rangi ya waridi iliyochujuka. Kutoka ukutani ukarudi, laini, mpaka kwenye miguu ya Ariane, pale palipokuwa sebule.

"Mama Armel," akasema polepole, "hii rangi ya ukuta ni ya lini?"

"Uuu! Ya zamani. Ilibaki parokiani, padiri akanipa ndoo. Muzee Ismaël alinicheka mbaya. Jirani, ananiambia, umepaka ukuta kama keki ya arusi." Akaukuna ukuta kwa ukucha. "Halafu Armel alipooa, nilitaka kupaka nyeupe, wageni baone nyumba iko safi. Zuhura akavuka hapa na kofia yake mukononi, akaniomba. Mama Armel, tafadhali, usibadilishe. Nikamuuliza, ukuta ni wangu ama wako? Akasema, wako, lakini mimi ndiyo ninakalia mwanga wake."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Ningefanya nini? Ni jirani. Nilizunguka soko lote natafuta ile ile."

Kuna kisa kingine ambacho Mama Armel alikitoa jioni hiyo, na Mzee Ismaël amekithibitisha. Mteja mmoja aliwahi kurudisha kanzu mpya akilalamika kwamba kitambaa kimeingia wekundu. Bi Zuhura hakubishana naye. Alimtoa nje ya mlango, akampeleka hadi barabarani, akamwambia atazame tena. Kanzu ilikuwa nyeupe pe. Wekundu ulikuwa wa jirani.

Siku iliyofuata Ariane alijenga mlima. Haukuwa na miti wala nyumba. Ulikuwa bonge moja la kijivu, aliloliburuta kwa kipanya mpaka magharibi ya nyumba na kuliacha pale, nje kabisa ya picha. Hakuna atakayeliona. Kazi yake ni kuzuia jua tu.

Mshale wa asali ukakatika.

Kisha, mbele ya mlango, akajenga ukuta wa Mama Armel, urefu wake, na rangi yake aliyoichukua kwenye picha za simu. Nao hauonekani, kwa sababu mtazamaji amekaa ndani na mlango uko ubavuni mwake. Akaiachia mashine ihesabu.

"Nilizoea kuongeza taa," anasema. "Picha ikiwa na giza unaongeza. Hii niliitengeneza kwa kuondoa jua na kumwongeza jirani."

Kuliondoa jua lile, anasema, hakukuwa rahisi hata kama lilikuwa la bonyezo moja. Duka la baba yake Buyenzi nalo limeshabadilika. Ndugu waliobaki kule wanasema sasa ni la simu. Faili la picha ya kwanza hajalifuta. Ameliita Jioni ya Baba.

Siku ya kuonyesha picha ya pili, Mama Armel naye alikuja, amevaa kitenge cha misa, kwa sababu, alisema, ukuta wake uko mule. Makubazi na viatu vikabaki mlangoni. Ariane akafungua picha ikajaa skrini yote.

Hakuna mshale wowote. Kuna sebule tu, na ndani yake weupe uliotulia wenye wekundu kwa mbali, umeenea sawa juu ya mashine, juu ya mkebe wa vifungo, juu ya kofia iliyoachwa nusu kwenye kiti. Nyuma ya pazia la mistari panaelekea kuwa usiku, lakini bado.

Mzee Ismaël alisogea. Mutesi akamgusa bega.

"Wakati wa kutunga uzi," akasema.

Hapo ndipo hodi ya Mama Armel inapoingia, kama iliingia. Mutesi anasema baba yake alikohoa tu. Mzee mwenyewe akiulizwa, anauliza chai iko wapi.

Habari zimeenea, na sasa wapo wengine wanaopanda ngazi. Mwanamke mmoja wa Nyamirambo anataka baa ya mama yake. Kijana anataka darasa. Ariane ana mpango wa kutafuta chumba cha chini, kisicho na ngazi, kwa ajili ya wazee. "Ofisi zinaniletea nyumba za kesho, na hizo ndizo zinazolipa kodi," anasema. "Lakini nataka na hizi. Hizi nikikosea, kuna mtu anajua."

Picha ya Mzee itachapishwa kubwa kama mlango, itundikwe Batsinda kwenye ukuta anaoutazama akiwa kitandani. Imebaki kuipeleka kwa mchapaji. Jumamosi alasiri anapanda tena kuiaga, Mutesi akimshika kiwiko. Safari hii inambidi uso uwe karibu kabisa na skrini, pumzi yake inaacha ukungu kwenye kioo.

Anatazama kiti.

"Binti yangu."

"Naam, baba."

"Mke wangu sitaki umchore. Sura yake ninayo, na hiyo hakuna daktari atakayeichukua. Lakini kiti kitupu hivi..." Anakigusa kwa kidole kwenye kioo. "Niwekee kivuli chake. Kivuli tu, hapa sakafuni, kama mtu ameinama anatunga uzi. Nitajua ni yeye."

Mutesi anamgeukia Ariane, macho yanang'aa. Mutesi anaona ni jambo dogo. Aliyeleta mlima atashindwa kivuli?

Ariane ameshika kipanya. Anajua kwamba kwenye mwanga ule hakuna mtu aliyeangusha kivuli, labda weusi kidogo chini ya kiti. Mwanga huo unatoka kila mahali, ndiyo maana uzi ulionekana bila kufunikwa na kivuli cha mkono. Ndiyo maana Bi Zuhura alivuka uchochoro kuuombea ukuta. Kivuli cha mtu kinataka jua. Ili kiwepo, itabidi mlima uondolewe, na jioni ya Buyenzi irudi kwa dirisha la nyuma, iangukie kiti kile.

"Inawezekana, si ndiyo?" anauliza Mzee Ismaël. "Kidogo tu."

Mashine inanguruma. Mzee anajiweka wima mbele ya skrini, miguu mitupu juu ya zulia, mkono kifuani, anangoja.